Redio isiyotumia betri ifundishwe skuli zetu

Mhariri, assalamu alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na kama barua itakua ndefu nakuombeni radhi mapema mana jambo hili niko nalo moyoni miaka mingi na wiki iliyopita ndo limefurika.

Mimi ni fundi redio, kibanda changu kipo Mwanakwerekwe na kazi hii naifanya tokea 1991. Wiki iliyopita binti yangu, yuko kidato cha pili, alibeba kwenye mkoba redio aliyoitengeneza kwa mikono yake akaipeleka skuli kwenye kipindi cha sayansi. Redio yenyewe haina betri, haina sola, haina chaja, haina waya wa kuchomeka ukutani. Mwalimu akaigeuza juu chini akatafuta pahala pa kutia betri hakupaona, akamwambia hii sio redio mwanangu, haya ni mawaya tu, yarejeshe nyumbani. Na hakuna alieisikiliza hata mmoja mana kuisikiliza lazma uifungie antena na waya wa ardhi, na hilo halikufanyika.

Simtaji mwalimu wala skuli na wala sina chuki nae, naamini kabisa hajapata kuiona katika maisha yake, na kitu ambacho hujakiona utakijuaje. Lakini mtoto alirudi hana raha, kaeka mkoba chini kaenda kulala hata chakula hakutaka, na mie nikakaa barazani mpaka usiku nawaza, jamani kitu hichi kilikua kinajulikana na watoto wa visiwa hivi, kimepotelea wapi?

Nieleze kidogo kwa asiejua. Redio ya kawaida inataka betri kwa sababu inachukua mawimbi madogo sana yaliyopo hewani halafu inayakuza mpaka spika itikisike na nyumba nzima isikie. Hii ninayoisema haikuzi chochote. Ule umeme mdogo unaotoka kwenye mnara wa stesheni na kusafiri hewani ukifika kwenye waya wako mrefu, ndo huo huo unaokwenda mpaka sikioni. Umeme wake unahesabiwa kwa mikrowati, yaani wati moja ukiigawa mafungu milioni, fungu moja tu, na bado sikio la binadamu linausikia, subhanallah. Binti yangu aliniuliza swali zuri sana, baba sasa nani anailipia? Nikamwambia anailipia mwenye stesheni, mtambo wake unatumia makumi ya maelfu ya wati na sisi tunaokota chembe inayotufikia hapa uani.

Mimi kitu hichi nilikijua Wete, Pemba, mwaka 1983, nilikua na miaka kumi na moja. Ami yangu alikua nayo kwenye kasha la sigara la mbao, na cha kusikilizia alikitoa kwenye mkono wa simu ya zamani iliyovunjika. Nyumba yetu haikua na umeme, na betri kubwa zilikua za shida, tukizianika juani, tukizitoboa tundu tukazitia maji ya chumvi ili zisukume siku mbili tatu zaidi, wenye umri wangu wanakumbuka. Kwa hiyo redio ya baba ilifunguliwa kwa taarifa ya habari tu kisha inazimwa. Lakini ile ya ami haikua na kuzimwa, hata kitasa cha kuzimia haikua nacho! Ilikua inaimba masaa ishirini na nne kwa anaetaka kutia sikio. Nikilala chini ya mkarafuu kile kidude kimeshikiliwa sikioni kwa kitambaa, nasikiliza taarabu ya Sauti ya Tanzania Zanzibar, nikizungusha kidogo napata Redio Tanzania Dar es Salaam, mpira unatangazwa.

Watu wengi wanadhani Pemba ilikua mbali isingewezekana. Nilikuja kuelewa baadae nilipojifunza ufundi kwamba mawimbi ya kati, yale yanayoandikwa MW au AM kwenye redio, yakipita juu ya bahari yanakwenda mbali kuliko yakipita nchi kavu, mana maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri na wimbi halipotezi nguvu nyingi njiani. Sisi wa visiwani Mungu katupa njia ya mawimbi ilio bora kuliko mtu wa bara alie umbali kama huo huo kwenye mchanga mkavu. Hili mtoto wa skuli akifahamishwa hatolisahau.

Sasa inafanyaje kazi. Vitu ni vitano tu: waya wa antena, koili (waya uliozungushwa zamu nyingi), kapasita ya kuzungusha (vibati vinavyoshika umeme kidogo na kuuachia), dayodi, na cha kusikilizia, ukitia na waya wa ardhi vinakua sita.

Antena inakamata kila kitu, stesheni zote kwa pamoja zimechanganyika. Koili na kapasita ndo zinachagua. Mfano ninaowapa watoto ni pembea za sikukuu pale Kariakoo, kila pembea ina mwendo wake, ukiisukuma kwa mwendo wake inapanda juu hata kama unasukuma kwa kidole, ukiisukuma ovyo ovyo haiendi popote. Koili na kapasita ni pembea ya umeme. Ukizungusha kapasita unabadilisha mwendo wa pembea mpaka ulingane na mwendo wa stesheni moja, basi ile inapanda na zilobaki zinakufa. Kwa mawimbi ya kati mwendo huo ni kuanzia kilohetsi 531 mpaka 1602, yaani wimbi linakwenda na kurudi zaidi ya mara laki tano kwa sekunde moja.

Dayodi je? Hii ndo roho ya kitu chote. Wimbi linakwenda mbele na kurudi nyuma sawa sawa, na haraka mno, kwa hiyo cha kusikilizia kikisukumwa mbele kinavutwa nyuma hapo hapo, jumla yake sifuri, hutosikia kitu. Dayodi inaruhusu umeme upite upande mmoja tu. Ni dema la mvuvi hasa, samaki anaingia kwa mlangoni lakini kutoka hawezi. Umeme ukishapita upande mmoja tu unajikusanya, unapanda na kushuka kwa kufuata sauti ya mtangazaji, na hapo ndo kidude cha sikioni kinatikisika na unamsikia mtu anaongea.

Na jambo hili sio la jana. Mjerumani Karl Ferdinand Braun aliligundua mwaka 1874 kwamba baadhi ya mawe ya madini yanapitisha umeme upande mmoja kuliko wa pili. Halafu Mhindi, Jagadish Chandra Bose wa Kalkata, akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, Marekani mwaka 1904 kwa kifaa cha kukamatia mawimbi kwa madini ya galena, hii ni madini ya risasi, jeusi linang'ara. Watu walikua wanagusa lile jiwe kwa sindano ya waya mwembamba wanatafuta pahala panapoitika, wanasogeza sogeza kama mtu anatafuta mwiba kwenye unyayo, wakipata wanashusha pumzi. Na vita vya pili, mwaka 1944, askari wa Kimarekani waliokwama Anzio kule Italia walifanya kwa wembe na ncha ya penseli, wembe ulioshika kutu ya buluu, wakisikiliza muziki ndani ya mashimo yao. Nayasema haya ili mtu asidhani ni mchezo wa watoto wa Pemba, hichi ndo kitu dunia ilianza nacho kusikiliza redio.

Haya nieleze ya binti yangu mana hapo ndo pana faida.

Koili aliizungushia kwenye kipande cha paipu ya plastiki ya inchi mbili, zamu 65, waya wa kopa tuliutoa kwenye mota ya feni iliyoungua. Ilikwenda kama mita kumi na mbili na ushei. Kazi hii ya kuzungusha inataka subira, zamu zilale ubavu kwa ubavu zisipandane, na ukishika simu katikati ukiachia mkono zote zinafumuka unaanza upya, mwenyewe alianza upya mara tatu. Kapasita tuliitoa kwenye redio kubwa ya zamani ya mezani, ile yenye vibati vyembamba vinavyoingiliana kama vidole. Ukikosa hiyo zipo ndogo za plastiki za redio za mkononi, uwezo wake ni mdogo kwa hiyo ongeza zamu za koili, au chukua koili yenyewe ya hiyo redio ilio kwenye kijiti cheusi cha feraiti itumie kama ilivyo.

Dayodi lazma iwe ya jemaniamu. Hapa wengi wanakwama, wananunua dayodi ya kawaida ya silikoni ya kwenye chaja wanafunga, kimya, wanakata tamaa. Silikoni inataka kama volti 0.6 au 0.7 ndo ifungue mlango, na huo umeme wa hewani hauna nguvu hiyo. Jemaniamu inafungua kwa 0.2 au 0.3. Ndani ya redio za zamani utaikuta, kidude cha kioo kidogo kama punje ya mchele, zimeandikwa OA90, OA91, 1N34A na jamaa zake. Kama maandishi yamefutika chukua mita, ipime kwenye alama ya dayodi, ikikuonesha 0.2 au 0.3 hiyo ndo yenyewe ihifadhi kama dhahabu. Mimi kibandani nina kikopo cha dawa kimejaa, natoa kwenye redio zilizokufa tokea zamani, na kila nikipita nikiona redio ya National ya mwaka arubaini na saba imetupwa jaani moyo unaniuma wallahi, mana ndani mna kapasita, mna dayodi, mna koili, yani mna redio ya mtoto nzima.

Cha kusikilizia nacho kina mambo yake. Hizi iyafoni za simu za siku hizi hazifai kuzifunga moja kwa moja, upinzani wake ni omu 16 au 32 na zinakunywa umeme wote sauti haitoki. Zinatakiwa zile za kristali, za sikio moja, au kidude cha mkono wa simu ya zamani chenye upinzani mkubwa. Zote mbili zimeadimika. Dawa yake tuliipata kwenye kile kisahani chembamba cha shaba kinacholia kwenye saa za mezani na kwenye kadi za kuimba, hicho kinafanya kazi ile ile ya kristali. Kichomoe taratibu kisivunjike, kifunge na rezista ya kilo-omu 47 sambamba yake, kieke ndani ya kifuniko cha chupa kilichotobolewa kitundu katikati, kieke sikioni. Binti yangu alikizungushia na kipande cha kanga ya mama yake kisimuumize sikio.

Antena ni waya wa kawaida mita 25, kutoka mwembe wetu mpaka mnazi wa jirani kwa idhini yake, kimo kama mita sita. Waya usiguse mti, pale unapofunga tia kipande cha kandambili mbovu katikati, mpira unazuia umeme usikimbilie kwenye mti uliorowa. Na ardhi, nondo ya mita moja na nusu tuliipiga pale yanapomwagika maji ya kuogea, pahala hapakauki mwaka mzima. Wa Makunduchi na huko kwenye maweni nondo haiingii na hata ikiingia lile jiwe kavu halikusaidii kitu, tieni waya wa kopa ulochunwa ndani ya kisima, maji ya huko yana chumvichumvi yanafaa sana. Pemba kwenye udongo wa mfinyanzi nyie mmeshabarikiwa.

Basi tukafunga kila kitu, siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Mtoto kashika kidude sikioni saa nzima anazungusha huku na huku, anasema baba nasikia bahari tu. Nilijua kosa liko wapi lakini nilitaka alione mwenyewe. Siku ya tatu akakaa na ile koili chini ya taa anaitazama karibu kabisa, akaniita, baba huu waya mbona rangi yake haikutoka hapa mwisho? Ndo hapo! Waya wa mota umepakwa vanishi, kwa macho unaona kopa tupu inang'ara kumbe imevishwa nguo, na usipoikwangua ncha zake umeme haupiti hata ukafunga fundo kumi. Akachukua wembe akakwangua taratibu, unga mwekundu unamwagika kwenye kitabu chake, mpaka chini pakatoka rangi ya waridi ya kopa yenyewe. Tukatia lehemu.

Ilikua kama saa mbili na nusu usiku. Akatia sikioni, akazungusha, akaganda. Mdogo wake akataka kusema kitu akamziba mdomo kwa mkono. Hakusema neno, akanipa kile kidude na mie nikatia sikioni nikasikia kwanza kama mluzi wa upepo kwenye tundu ya mlango, halafu nyuma yake mtu anasoma Kur-ani, sauti nyembamba, ya mbali, inakuja na kuondoka, inakuja na kuondoka, kisha mtangazaji akasema maneno ya Kiarabu. Usiku mawimbi ya kati yanapiga kwenye tabaka za juu za anga yanarudi chini, kwa hiyo stesheni ya nchi za Kiarabu yenye mtambo mkubwa inafika mpaka hapa. Lile wimbi limevuka bahari likatua kwenye waya wetu baina ya mwembe na mnazi na kwenye kipande cha paipu na dayodi kama punje ya mchele likamsomea mtoto wangu Kur-ani, na hakuna chochote tulichokilipia. Mke wangu alitoka jikoni mikono ina unga akasikiliza amesimama.

Hii ndo redio alioipeleka skuli.

Faida yake nyengine ni ya wakubwa. Hapa Unguja hakuna asiekumbuka tulipokaa bila umeme kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu, waya wa chini ya bahari unaotoka Ras Kiromoni kule bara kuja Fumba ulipopata hitilafu, na kabla yake 2008 karibu mwezi mzima. Miezi ile wenye jenereta walijiweza, wengine simu tunapeleka kuchajisha kwa pesa, na betri madukani zilipanda bei. Nilimfungia mama mkwe wangu, Allah amrehemu, redio hii hii nyumbani kwake, akisikiliza stesheni ya Dar kila usiku, macho yamekwisha lakini masikio yalikua mazima, akiniambia mwanangu hii ina baraka. Saivi waya mkubwa zaidi unafanya kazi tokea 2013 na Pemba wanapata umeme wa Tanga kwa waya wa chini ya bahari tokea 2010, alhamdulillahi, lakini sisi ni watu wa visiwa, umeme wetu unakuja kwa waya uliolala chini ya maji, na mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita karibu na Mafia sote tulikua tunatafuta habari usiku, na simu inakufa chaji. Kila nyumba ikiwa na kidude kimoja kinachosikia bila kutegemea kitu chochote, kuna hasara gani?

Lakini kwa hilo pana sharti moja na hapa naomba wakubwa wa utangazaji wanisikie. Redio hii haishiki FM. FM sauti haibebwi kwa wimbi kuwa na nguvu na kupungua nguvu, inabebwa kwa wimbi kubadilisha mwendo, na hii dayodi yetu haielewi lugha hiyo. Inaelewa mawimbi ya kati, na ukipunguza zamu za koili inaelewa na mawimbi mafupi. Sasa dunia inayazima, Ujerumani na Ufaransa stesheni zao za taifa zimeshatoka mawimbi ya kati, na hapa kwetu nikizungusha mchana nasikia pamepwaya kuliko ninavyopakumbuka mimi. Najua mtambo wa mawimbi ya kati unakula umeme mwingi na vipuri vyake ghali, hilo silibishi hata kidogo. Ninachoomba ni kwamba pasikose hata mtambo mmoja, hata kama utafunguliwa kwa taarifa ya habari na hali ya hewa tu, asubuhi na usiku, wavuvi wasikie, wa visiwa vidogo wasikie. Mtambo mmoja juu ya bahari yetu hii unafika Unguja yote na Pemba yote na Tumbatu na Kojani, na msikilizaji hahitaji kununua kitu.

Na kwa upande wa skuli ombi langu ni dogo zaidi. Mtoto wa kidato cha pili anasomeshwa umeme, anasomeshwa mawimbi, anasomeshwa sumaku, yote ubaoni, anachora anafutiwa. Redio hii ina yote hayo ndani yake na gharama yake ni takataka za kibandani kwa fundi yeyote. Darasa moja, kipindi kimoja cha wiki, muhula mmoja, inatosha kila kikundi cha watoto wanne kutoka na redio yao. Mafundi tupo Darajani, tupo Mwanakwerekwe, Chake, Wete, Mkoani, tuiteni tutakuja, mimi nitakuja bila ya malipo na kikopo changu cha dayodi.

Kwa atakaejaribu mwenyewe nyumbani naomba sana, tena sana, mambo mawili. Waya wa antena usipite karibu na nyaya za umeme, ukikatika ukaangukia umeme ni mauti. Na wala usichukue ardhi kwenye tundu la soketi ya ukutani, piga nondo yako. Masika na vuli kabla mvua haijaanza kunguruma chomoa antena uifunge moja kwa moja kwenye nondo nje ya nyumba, usikae na kidude sikioni radi inapiga, waya mita 25 juu ya mnazi sio kitu cha kuchezea wakati huo.

Binti yangu nimemwambia asiivunje. Ameanza kuzungusha koili ya pili, zamu 20, anataka kujaribu mawimbi mafupi, na kaniomba kapasita nyengine mana ile ya mwanzo vibati viwili vinagusana upande wa juu, ukifika hapo inakata. Nitamuonesha jioni namna ya kuvinyoosha kwa ubapa wa wembe. Mwalimu wake pia nimempelekea salamu kwa heshima, nimemuomba aje Jumamosi kwetu baada ya magharibi, akae uani, asikilize.

Fundi redio,
Mwanakwerekwe, Unguja